Jinsi ya kusoma maandishi yanayotaka kukushawishi: istilahi za msingi na barua moja ya mwalo wa Kibirizi

Ukiishi Kigoma, maandishi yanayokutaka ufanye jambo hayakosi. Tangazo limebandikwa kwenye ubao wa ofisi ya kata, makala ya gazeti inazungumzia bandari, risala inasomwa mbele ya mgeni rasmi, ujumbe mrefu unazunguka kwenye kundi la WhatsApp la wavuvi. Wengi wetu tukimaliza kusoma tunasema "kaandika vizuri" au "huyu muongo", na habari inaishia hapo.

Mwongozo huu unataja sehemu za maandishi ya aina hiyo kwa majina yake, kwa mpangilio ninaoutumia ninaposoma na vijana wa kidato cha tatu na cha nne, na hata na watu wazima. Kukariri majina peke yake hakusaidii kitu. Faida yake ni hii: ukijua kitu kinaitwaje unaweza kukitafuta, na kama hakipo utagundua kwamba hakipo. Mara nyingi udhaifu wa hoja uko kwenye kile ambacho mwandishi hakukiandika.

Chukua daftari na kalamu mbili za rangi tofauti. Hii ndiyo barua tutakayoifanyia kazi, ya mkazi wa Kibirizi, mwalo wa wavuvi hapa Kigoma, kuhusu Ziwa Tanganyika kufungwa kwa uvuvi. Nimeitunga mwenyewe kwa ajili ya mazoezi, ingawa maneno kama haya utayasikia mwaloni siku yoyote. Sentensi nimezipa namba ili tuelewane.

(1) Ndugu zangu wa Kibirizi, ziwa hili tumelirithi kutoka kwa babu zetu. (2) Mwaka 2024 lilifungwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, na kwa miezi hiyo mitatu wachuuzi wa dagaa hawakuwa na mzigo wa kupeleka sokoni. (3) Je, mtoto atakula ripoti ya wataalamu? (4) Ziwa lilipofunguliwa, jirani yangu alirudi alfajiri mtumbwi umejaa dagaa, kwa hiyo ni wazi kwamba samaki hawajapungua. (5) Hao wanaotaka ziwa lifungwe hawajawahi kuvuta wavu hata siku moja. (6) Nakubali kwamba samaki wanahitaji muda wa kuzaliana. (7) Lakini ingetosha kufunga maeneo ya mazalia peke yake, wavuvi wakaendelea kwenye maji ya kina kirefu. (8) Ama tuachiwe ziwa, ama tufe njaa. (9) Nawaomba nyote mje kwenye mkutano wa mtaa tukatae ziwa kufungwa tena.

Hatua ya 1: Tambua aina ya maandishi

Maandishi yasiyo ya kubuni ni yale ambayo mwandishi anadai kwamba yanayosemwa humo yapo au yalitokea kweli. Zingatia neno "anadai": kutokuwa hadithi hakuyafanyi yawe kweli. Taarifa inaeleza kilichotokea. Ripoti inaeleza uchunguzi na matokeo yake. Tahariri ni msimamo wa gazeti lenyewe, wakati makala ya maoni ni msimamo wa mtu mmoja aliyeweka jina lake. Wasifu ni maisha ya mtu yaliyoandikwa na mwingine, na tawasifu ni maisha ambayo mtu ameyaandika mwenyewe.

Hapo kwenye tawasifu kaa macho. Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe za ndovu na watumwa aliyekuwa na makazi Tabora, aliandika maisha yake kwa Kiswahili. Ni hazina kwa historia yetu, lakini anayesimulia ndiye aliyetenda. Ukisoma tawasifu yoyote, jiulize waliotendewa wangesimulia nini.

Barua yetu ni maandishi ya ushawishi: haiishii kutupa habari, inataka tufanye jambo.

Hatua ya 2: Tenganisha mada na hoja kuu

Wanafunzi wengi hukwama hapa, kwa hiyo tusipite haraka. Mada ni jambo linalozungumziwa. Hoja kuu ni kile mwandishi anachokisema kuhusu jambo hilo. Ukimuuliza mtu barua hii inahusu nini akajibu "kufungwa kwa ziwa", ametaja mada. Hoja kuu ni lazima iwe sentensi kamili inayoweza kukubaliwa au kukataliwa: "Ziwa Tanganyika lisifungwe tena kwa shughuli zote za uvuvi."

Jipime kwa kuweka maneno "mimi sikubali kwamba" mbele ya jibu lako. "Mimi sikubali kwamba kufungwa kwa ziwa" haina maana, kwa hiyo hiyo ni mada. "Mimi sikubali kwamba ziwa lisifungwe tena" inaeleweka. Umeipata.

Usitegemee hoja kuu ikae mwanzoni. Kwenye barua yetu imekuja mwisho kabisa, sentensi ya 9, tena kwa sura ya ombi. Risala nyingi hufanya hivyo: salamu, sifa, matatizo, kisha ombi. Kwa sababu hiyo, soma mpaka mwisho kabla hujapiga mstari wowote.

Hatua ya 3: Lengo na hadhira

Lengo ni kile mwandishi anachotaka kitokee baada ya wewe kusoma. Hadhira ni wale aliowakusudia. Hapa lengo ni watu wahudhurie mkutano, na hadhira ni watu wa Kibirizi. Mwandishi huyuhuyu angemwandikia mkuu wa mkoa, sentensi ya 5 angeiacha na ya 7 angeiweka mbele.

Hatua ya 4: Kalamu ya kwanza kwa ukweli, ya pili kwa maoni

Kauli ya ukweli ni ile inayoweza kuhakikiwa na mtu yeyote, apende asipende. Maoni ni hukumu ya mwandishi: kizuri, kibaya, inafaa, haifai. Kwamba ziwa lilifungwa Mei 15 hadi Agosti 15 mwaka 2024 unaweza kuhakiki, na ndivyo ilivyokuwa. Kwamba "ingetosha" kufunga mazalia ni maoni.

Nusu ya pili ya sentensi ya 2 inahitaji jicho zaidi. Kusema wachuuzi hawakuwa na mzigo ni kauli inayohakikika, lakini bado haijahakikiwa. Inawezekana wengine walikuwa na magunia ya dagaa wakavu stoo. Kauli kuwa ya aina ya ukweli na kauli kuwa kweli ni mambo mawili. Pigia mstari kwa kalamu ya kwanza, kisha weka alama ya kuuliza pembeni.

Hatua ya 5: Dai, sababu na ushahidi

Dai ni kauli ambayo mwandishi anataka uikubali. Sababu ni maelezo ya kwa nini uikubali. Ushahidi ni kitu cha kuonyesha kwamba sababu hiyo ina msingi. Hoja kuu husimama juu ya madai madogo, na kila dai dogo linapaswa kuwa na chake cha kulishikilia.

Sentensi ya 4 ina dai na ushahidi. Dai: samaki hawajapungua. Ushahidi: jirani alijaza mtumbwi. Ushahidi wa namna hii unaitwa kisa, yaani tukio moja la mtu mmoja. Aina nyingine ni takwimu, nyaraka, kauli ya mtaalamu, na mashuhuda wengi. Mimi sikidharau kisa. Kisa kinaonyesha kwamba jambo linawezekana kutokea. Hakionyeshi linatokea mara ngapi.

Upime ushahidi kwa maswali matatu. Unahusiana na dai lenyewe? Unatosha? Unawakilisha hali ya kawaida? Kila anayevua kwa taa anajua kwamba mwezi ukiwa mpevu dagaa hawajikusanyi kwenye mwanga, na giza likirudi wanapatikana. Mtumbwi uleule na wavuvi walewale wanaweza kurudi watupu wiki hii na kujaza wiki mbili baadaye. Kwa hiyo usiku mmoja wa jirani hauwakilishi ziwa zima.

Linganisha na ushahidi wa aina nyingine. Mwaka 2003 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa wanasayansi waliochunguza matabaka ya tope kutoka sakafu ya Ziwa Tanganyika. Walieleza kwamba maji ya juu yamepata joto, kwa hiyo hayachanganyiki vizuri na maji ya chini yenye virutubisho, na chakula cha mwanzo kabisa cha ziwa, yaani vimea vidogo vya kijani visivyoonekana kwa macho, kinapungua. Walikadiria kwamba uzalishaji huo huenda umeshuka kwa takriban asilimia 20, jambo ambalo lingeshusha mavuno ya samaki kwa takriban asilimia 30.

Tazama "huenda" na "takriban". Haya ni maneno ya tahadhari. Wapo wanaoyaona kama dalili kwamba msemaji hana uhakika na kazi yake, hivyo wanamwamini zaidi anayesema "ni wazi". Mimi naona kinyume chake. Anayeonyesha mpaka wa anachokijua amekupa nafasi ya kumpima. "Ni wazi", kama ilivyo kwenye sentensi ya 4, aghalabu huwekwa pale ambapo ushahidi umepungua.

Utafiti huo nao una mpaka. Unaeleza kuhusu joto, hauamui kama ziwa lifungwe miezi mitatu. Anayeutumia kutetea ufungaji anadaiwa maelezo zaidi.

Hatua ya 6: Tafuta dhana isiyotamkwa

Ningeruhusiwa kufundisha istilahi moja tu, ningechagua hii. Dhana isiyotamkwa ni imani ambayo mwandishi hakuiandika, lakini bila hiyo ushahidi haufiki kwenye dai. Ni kama nguzo ya gati iliyo chini ya maji: huioni, lakini mzigo wote umeegemea hapo.

Namna ya kuipata ni rahisi. Andika ushahidi juu, dai chini, acha mstari mtupu katikati. Kisha jiulize: ni lazima niamini nini zaidi ili cha juu kinifikishe cha chini?

Juu: jirani alijaza mtumbwi ziwa lilipofunguliwa. Chini: samaki hawajapungua. Katikati panahitaji maneno haya: "Samaki waliopatikana baada ya ziwa kupumzika miezi mitatu ni walewale ambao wangekuwepo bila mapumziko." Dhana hiyo ikishaandikwa, tatizo linaonekana. Anayeunga mkono ufungaji anaweza kuuchukua mtumbwi uleule uliojaa na kusema: mmeona, mapumziko yamezaa matunda. Ushahidi mmoja, madai mawili yanayopingana. Kinachowatenganisha ni dhana, na dhana ndiyo ambayo hakuna aliyeitamka.

Rudia zoezi kwenye sentensi ya 1. "Tumelirithi kutoka kwa babu zetu" inafanya vichwa vyote vitikisike kwa kukubali. Lakini ili kauli hiyo isaidie hoja kuu, inabidi uamini kwamba aliyerithi ana haki ya kutumia bila kuwekewa mipaka. Mwingine atasema aliyerithi ana wajibu wa kuwabakizia wajukuu. Halafu hao "sisi" ni nani? Ziwa hili limegawanywa na nchi nne: Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia. Wa Uvira na wa Mpulungu nao wana babu.

Hatua ya 7: Uliza chanzo

Chanzo ni mahali habari ilikotoka. Chanzo asilia ni cha aliyekuwepo au nyaraka ya wakati huo: shajara, barua, picha, kumbukumbu za mkutano. Chanzo cha pili ni cha anayeeleza kwa kutegemea vyanzo vingine. Jirani wa sentensi ya 4 angeandika mwenyewe tungekuwa na chanzo asilia. Sasa tunasoma masimulizi ya mtu mwingine kuhusu jirani.

Lakini chanzo asilia nacho si msahafu. Tunao mfano wa karibu, Ujiji. Kila mtoto anajua kwamba mwaka 1871 Stanley alimkuta Livingstone pale, na salamu maarufu aliyomsalimia, "Dr. Livingstone, I presume?", imezunguka dunia. Salamu hiyo tunaijua kwa maandishi ya Stanley mwenyewe aliyoyachapisha. Kwenye shajara yake, ukurasa wa tukio hilo umechanwa. Livingstone, katika kumbukumbu zake, anaeleza jinsi Susi, mtumishi wake, alivyokuja mbio kumwambia kuna Mwingereza anakuja, lakini salamu hiyo hakuiandika. Hata tarehe za wawili hao hazilingani. Walikuwepo wote wawili, na bado tunalazimika kulinganisha.

Hatua ya 8: Hoja pinzani na jibu lake

Hoja pinzani ni ile ya upande wa pili ambayo mwandishi mwenyewe ameileta. Akiionyesha haisimami, hilo ni kanusho. Akikubali sehemu yake, hilo ni kuridhia. Sentensi ya 6 ni kuridhia, na ya 7 ni jibu. Kwangu mimi hizo ndizo sentensi mbili bora za barua nzima, kwa sababu hapo tu ndipo mwandishi anaongea na anayepingana naye.

Ukitaka kuona nguvu ya kuridhia, nenda Tabora, Januari 1958, kwenye mkutano mkuu wa mwaka wa TANU. Serikali ya kikoloni ilikuwa imeleta uchaguzi wa kura tatu: kila mpiga kura amchague Mwafrika mmoja, Mhindi mmoja na Mzungu mmoja. Wajumbe wengi walitaka kususia, na hasira yao ilikuwa na msingi. Nyerere, ambaye Tabora aliijua kama mwanafunzi na baadaye kama mwalimu, hakuutetea mfumo huo. Aliukubali ubaya wake. Alichobishania ni swali jingine: tukisusia, viti vitachukuliwa na nani? Wajumbe wakakubali kushiriki, na uamuzi ule ukaitwa Uamuzi wa Busara. Si wote walioridhika. Zuberi Mtemvu alitoka TANU akaanzisha chama chake, ANC (African National Congress). Uchaguzi ulipofanyika mwaka 1958 na 1959, wagombea walioungwa mkono na TANU walishinda.

Ubishi wa Tabora unafundisha kitu cha kutafuta unaposoma: pande mbili zinagombana juu ya swali lipi hasa? Waliotaka kususia walikuwa wanajibu "je, kura tatu ni haki?" Nyerere alikuwa anajibu "tufanye nini sasa?" Makala nyingi za mabishano huchosha kwa sababu kila mmoja anajibu swali lake.

Hatua ya 9: Akili, moyo na heshima

Aristotle, karne ya 4 kabla ya Kristo, aliandika kuhusu balagha, yaani ufundi wa kushawishi, akataja njia tatu: mantiki ya maneno yenyewe, hisia za msikilizaji, na heshima ya msemaji. Pembeni ya kila sentensi andika M (mantiki), H (hisia) au S (heshima ya msemaji). Sentensi ya 3 ni H tupu. Ni tashititi, swali ambalo jibu lake linajulikana na wote. Kugusa hisia si kosa. Njaa ya mtoto ni jambo la kweli na linastahili kuguswa. Kosa ni hisia kukaa mahali ambapo ushahidi ulipaswa kukaa.

Angalia pia uteuzi wa maneno. Mpinzani anasema ziwa "limefungwa", serikali inasema uvuvi "umepumzishwa". Tendo ni lilelile. Jaribu kuisoma barua ukibadilisha neno hilo tu, uone unavyoanza kuihisi tofauti.

Hatua ya 10: Hoja potofu

Hoja potofu ni ile yenye sura ya hoja huku dai halifuati kutoka kwenye kilichotangulia. Sentensi ya 5 inamshambulia mtu badala ya hoja yake: asiyewahi kuvuta wavu anaweza kuwa amehesabu samaki sawasawa. Ya 4 inajumlisha kwa haraka. Ya 8 inatoa njia mbili tu wakati zipo nyingi, na mwandishi mwenyewe ameshataja ya tatu kwenye sentensi ya 7. Amejipinga ndani ya barua moja.

Ipo nyingine ambayo haimo humu ila utakutana nayo sana: kudhani kwamba kilichotangulia ndicho kilichosababisha. Bei ya dagaa ikipanda baada ya tangazo fulani, tangazo linaweza kuwa sababu, au msimu, au barabara.

Ukishajua makosa haya, usiwe mtu wa kuyawinda kisha ukatupa barua. Hoja mbovu haithibitishi kwamba dai ni uongo. Inaonyesha tu kwamba dai hilo bado halijatetewa.

Hatua ya 11: Andika ufupisho, kisha tathmini

Ufupisho unasema mwandishi amesema nini, bila maoni yako, kwa namna ambayo yeye mwenyewe angeusoma akakubali. Tathmini inasema hoja inasimama kiasi gani. Vitenganishe kwa aya mbili. Hivi ndivyo ningeandika kwa barua ya Kibirizi.

Ufupisho: Mwandishi anawataka wakazi wakatae ziwa kufungwa tena, kwa kuwa ufungaji wa 2024 uliwaumiza wachuuzi na kwa maoni yake samaki hawajapungua. Anakubali samaki wanahitaji kuzaliana, na anapendekeza yafungwe maeneo ya mazalia tu.

Tathmini: Dai kwamba samaki hawajapungua limeegemea kisa kimoja ambacho kinaweza kutumiwa na upande wa pili. Sentensi ya 5 na ya 8 haziongezi kitu. Pendekezo la sentensi ya 7 lina uzito, lakini limeachwa bila ushahidi wowote. Je, dagaa na migebuka huzaliana kwenye maeneo hayo tu? Mipaka yake ingewekwa vipi usiku, na ingelindwa na nani? Ningeenda kwenye mkutano wa mtaa na maswali hayo matatu, nikamuomba mwandishi aanzie hapo.